Jina la Fundi Baiskeli

Mliponiacha wiki iliyopita nilikuwa mlangoni kwangu, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, mikono imejaa povu la sabuni, na mbele yangu kasimama baba mkwe na kikapu cha ndizi. Kateremka kutoka Amani, kule milimani, bila kupiga simu. Mzee yule hateremki mjini ila kuna msiba.

Kwa aliyechelewa, nitamwambia kwa ufupi. Mie ni Leticia, fundi cherehani, mtoto wa kambi ya mkonge. Mume wangu Timotheo ni Msambaa wa Amani, anaendesha guta la mizigo. Tuna mtoto mmoja wa miaka saba, na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Miezi mitatu nyuma Nabii Wilfred wa Huduma ya Sauti ya Alfajiri alitangaza kwamba Mungu kamwonyesha mtoto wetu, kampa na jina jipya, Alexander, na mwenye jina hilo haumwi tena. Timotheo akaichana kadi ya kliniki.

Wiki zote hizi nimekuwa nikiandika Babu, Babu, mpaka baadhi yenu mmeuliza, huyu mama mtoto wake hana jina? Analo. Leo nitalitaja, lakini si hapa juu. Nitalitaja mahali nilipolitaja.

Basi nikapiga goti nikamwamkia mzee shikamoo. Akaitikia marahaba, akakaa kwenye kiti changu cha kushonea, akavua kofia akaiweka magotini. Maji hakutaka. Chai hakutaka.

"Nimesikia mjukuu wangu kabadilishwa jina," akasema. "Nimekuja kuuliza. Jina langu limekosa nini?"

Hata ningekuwa na jibu, ningelisemaje? Katika ukoo ule mke halitaji jina la baba mkwe. Halitaji mbele yake, halitaji nyuma yake, halitaji hata akiwa peke yake bafuni. Na mwanangu wakampa jina hilohilo la babu yake. Kwa hiyo tangu nimzae sijawahi kumwita mtoto wangu kwa jina lake. Namwita Babu. Kliniki nilikuwa natoa kadi, nesi anasoma mwenyewe. Shuleni alipelekwa na baba yake. Najua watu wa mjini mtacheka. Chekeni tu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye aibu yangu, na nimeizungukazunguka wiki tano nzima.

Mapema mwaka huu Babu alilazwa siku tisa. Maumivu ya mifupa yalimshika mpaka hawezi kuguswa hata na shuka. Tulipotoka hospitali, rafiki yangu Loveness akanipeleka kwenye Huduma. Yeye ndiye mhudumu wa mapokezi pale. Timotheo alikuwa kwenye guta lake. Loveness akatoa fomu ya maombi akaanza kuuliza, mie najibu: umri, ugonjwa, mtaa, mlango wa nyumba una rangi gani ili watu wa maombi wakija wasipotee. Akafika kwenye jina la mtoto.

Nikasema Babu. Akacheka, akasema hilo si jina, Nabii hawezi kumwombea Babu.

Haki ya Mungu nilijaribu. Jina likagoma kutoka. Kadi nimeiacha nyumbani. Nyuma yangu foleni inaguna, mama mmoja anauliza kama nimesahau mtoto niliyemzaa.

Nikatazama nje dirishani. Ng'ambo ya barabara pana kibanda, na juu yake kibao cha bati kimeandikwa kwa rangi nyekundu: ALEXANDER FUNDI BAISKELI.

"Alexander," nikasema.

Loveness akaandika. Sikuona kama ni uongo mkubwa. Nilijiambia Mungu anamjua mtoto anayeombewa, hata angeandikwa Kabati.

Jumapili ya tatu baada ya hapo nikaenda na Timotheo. Nabii Wilfred si mtu wa kelele, hilo niseme kwa haki. Anaongea polepole, na akikuwekea mkono kichwani unasikia kweli umepumzika. Siku ile alifumba macho akasema anaonyeshwa mtoto wa kiume, miaka saba, anateswa na damu yake mwenyewe, na mlango wa nyumba yao ni wa kijani.

"Naonyeshwa na jina," akasema. "Anaitwa Alexander."

Kila kitu kilikuwa sawasawa na fomu yangu, hata kosa langu limo.

Timotheo akaninong'oneza kwamba huyu ni mtoto wetu kabisa, isipokuwa jina. Kisha akasimama akalisema hilo kwa sauti: ni wetu, Nabii, lakini haitwi hivyo. Nikajua kwamba leo mtu ataumbuka, na Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo.

Nabii hakutikisika. Alifumbua macho akamtazama mume wangu kwa huruma.

"Baba, hata Abramu alikuwa na jina alilopewa na wazazi. Mungu alipotaka kumfanyia jambo, alimpa jingine. Mwenye jina la zamani ndiye mgonjwa. Alexander haumwi."

Watu walipiga vigelegele mpaka mabati yakatetemeka. Timotheo akalia. Halafu akafanya kitu ambacho alikuwa hajakifanya tangu mtoto agundulike ana ugonjwa: akanishika mkono mbele za watu.

Lazima mjue mkono ule una maana gani. Ndugu zake walishasema damu mbaya imetoka kwangu, kambini, kwa watu ambao asili yao haijulikani. Daktari alieleza kwamba ugonjwa ule mtoto huupata kwa baba na mama wote wawili. Hakuna aliyemsikiliza. Miaka minne nimelala nikitazama mgongo wa mume wangu. Sasa kanishika mkono, analia, ananiita mke wangu. Mngekuwa nyie mngesema, jamani ngojeni, jina lile nililisoma kwenye kibao cha fundi baiskeli?

Mie sikusema. Nilisimama nikashuhudia. Jumapili ile nikashuhudia, ya pili yake nikashuhudia, ya tatu nikaongeza na chumvi. Nikaitwa Mama Alexander, nikapewa kiti cha mbele. Nilikipenda kiti kile, nisiwafiche.

Siku moja tu nilijaribu kumchokonoa Loveness. Nikamuuliza fomu zikishajazwa zinaenda wapi. Akasema Nabii huzichukua Ijumaa, anazisoma zote ofisini na kuziombea.

"Sasa kama kasoma," nikamuuliza, "Jumapili anaonyeshwa nini tena?"

Loveness akapanga fomu zake vizuri, akazigonga mezani zikae sawa. "Leticia, mtoto wako anaumwa?"

Nikasema haumwi.

"Basi usitafute makosa."

Na kweli alikuwa haumwi. Lakini kwa nini haumwi? Hapa ndipo mtanishangaa. Dawa sikuacha hata siku moja. Niliaga nakwenda kununua vitambaa, nikaenda kliniki, nikamlilia nesi akanipa kadi nyingine. Kapsuli nikazificha ndani ya kopo la unga wa ulezi. Kila mchana Timotheo akiwa kazini, Babu anameza, anashushia na maji mengi. Nesi aliniusia sana hayo maji: mtoto wa selimundu akikaukiwa maji damu inaziba njiani, na hapo unaweza kumpoteza kwa siku moja. Nilimnunulia chupa ya bluu, ikawa haimtoki mkononi.

Kwa hiyo Babu akanawiri. Na kila alivyonawiri, Nabii akasifiwa, na mie ndiye niliyekuwa mbele kusifu. Mnaona nilivyojifunga mwenyewe.

Turudi kwa mzee. Jumamosi ile jioni Timotheo alirudi, akamsalimu baba yake kwa furaha, akamsimulia ufunuo wote tangu mwanzo. Mzee akasikiliza hadi mwisho. Ni mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu wa maneno machache.

"Mimi nimekuwa mzee wa kanisa miaka thelathini," akasema. "Mungu hajanionyesha jina la mtu hata siku moja. Nikitaka kujua jina la mtu, namuuliza."

Timotheo akasema ndiyo maana makanisa ya zamani yamepoa. Akamwomba kesho waende wote akajionee. Mzee akakubali. Mie nilikuwa nachambua mchele, nikauchambua mpaka haukuwa na cha kuchambuliwa.

Jumapili Babu akapelekwa kwenye darasa la watoto nyuma ya ukumbi, sisi tukaingia. Timotheo akamjulisha baba yake kwa wahudumu kwa fahari, kwamba huyu ndiye babu aliyemrithisha mtoto jina la kwanza. Yakatangazwa matangazo. Mchana uleule basi dogo la Huduma litapeleka watu Ushongo, kule Pangani, kwenye kambi ya maombi ya siku tatu. Mfungo mkavu, chakula hapana, maji hapana, kutoka Jumatatu kabla ya jua mpaka Jumatano jioni. Timotheo alikuwa amejiandikisha peke yake.

Nabii akaniita mbele nishuhudie. Nikapanda, nikapokea kipaza sauti. Kabla sijafungua mdomo akaniashiria ningoje. Alikuwa amefumba macho.

"Kuna baba mzee yuko hapa leo," akasema polepole. "Ametoka milimani. Naomba asimame."

Mzee akasimama na kofia yake mkononi.

"Mzee, sikulaumu. Nasema ninachoonyeshwa. Ugonjwa wa mtoto huyu uliingia kwa jina lako. Wewe ndiye uliyekuwa mlango. Likatae jina lile hapa mbele ya watu, uwe huru na mjukuu wako awe huru."

Minong'ono ikaanza. Mwanamke aliyekaa karibu na mzee akavuta mtoto wake pembeni. Mzee akageuka kumtazama mwanawe, kama anayengoja asaidiwe. Na Timotheo akamtazama baba yake kwa jicho ambalo mie nalijua vizuri. Ndilo jicho alilonitazama nalo miaka minne.

Nilimwona mzee yule anaizungusha kofia yake, anaizungusha. Hasira ikanipanda, hasira juu ya Nabii na juu yangu zaidi. Kipaza sauti nilikuwa nacho mkononi.

"Mwanangu anaitwa Methusela," nikasema.

Mnajua, lilitoka kama jina lolote. Miaka saba nimelibeba, na halikuniua.

"Anaitwa Methusela kama babu yake, na hajawahi kuitwa jina jingine. Hilo la Alexander nililitoa mimi, nilipoona haya kulitaja jina la mkwe wangu. Nililisoma nje. Mwenye miguu aende pale mapokezi atazame dirishani, atalikuta limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kibanda cha fundi baiskeli. Nabii hakuonyeshwa. Nabii alisoma fomu yangu."

Vijana wawili wakaenda kweli. Wakarudi wakiwa wameinamisha vichwa, mmoja akasema kibao kipo. Palitulia ukasikia watoto wa darasa la nyuma wanaimba. Nikafikiri yamekwisha. Nikamtazama Loveness, alikuwa anatazama sakafu.

Nabii Wilfred akanisogelea. Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mama," akasema, "na nani aliyeyageuza macho yako siku ile, yakatazama kibao kile na si kingine?"

Halafu ukumbi mzima ukasimama. Ameni, ameni, watu wanaruka, wengine wanalia. Timotheo naye kainua mikono juu, uso umemng'aa. Hata kibao cha bati kimekuwa ufunuo. Ningesema nini tena? Mtu wa namna ile utamshika wapi?

Ningenyamaza. Nimejiambia mara mia tangu siku ile, ningenyamaza tu, nikamchukua mtoto wangu na mkwe wangu tukaenda zetu. Lakini mdomo wangu huu haujui kushindwa.

"Basi mwulizeni Mungu wenu na hili," nikasema kwenye kipaza sauti. "Mtoto hajaponywa. Mtoto anakunywa dawa. Nampa mimi, kila siku, tangu mliposema kapona. Timotheo, nenda nyumbani ukatazame ndani ya kopo la unga wa ulezi."

Nilidhani nimewapiga pigo la mwisho. Kumbe kichwani mwa mume wangu mambo yalijipanga vingine kabisa. Niliona uso wake unavyobadilika. Hakuwa anamtazama Nabii kama mtu aliyedanganywa. Alikuwa ananitazama mimi kama mtu aliyeibiwa.

"Kumbe ni wewe," akasema. Hakupaza sauti, nilimsoma midomo. "Kumbe ni wewe uliyemzuia Mungu."

Akatoka mlango wa nyuma, upande wa darasa la watoto.

Nikataka kumfuata. Akina mama wa maombi walishanizunguka. Nabii alisema kwa ule upole wake kwamba nisihukumiwe, niombewe, maana kuna kitu kinasema kupitia kinywa changu. Wakanishika mabega, wakanikalisha chini, mikono kumi kichwani. Nikisukuma, wanasema kinapambana. Nikilia, wanasema kinatoka. Nikawaambia mtoto wangu, mtoto wangu, na hilo nalo wakaliombea.

Nadhani ilipita saa nzima. Aliyenitoa ni mzee. Alipenya katikati yao akanyoosha mkono, akasema huyu ni mkwe wangu, nina safari naye. Hakuna aliyemgusa. Nafikiri waliogopa kuguswa na yule aliyeitwa mlango.

Nje nikapiga magoti palepale kwenye vumbi, mbele ya kibanda cha fundi baiskeli, nikamwomba radhi kwa kulitaja jina lake. Kwa desturi yao mke akilitaja hutozwa mbuzi.

"Mbuzi tutamzungumza baadaye," akasema. "Twende kwa mtoto."

Mzee wa miaka sabini na moja, mie nikawa nakimbia kumfikia.

Tulipokata kona ya mtaa wetu niliona unga barazani. Unga wa ulezi umemwagwa wote, na kopo limetupwa pembeni. Katikati ya unga vidonge vya kapsuli vimekanyagwa kimoja kimoja. Jirani yangu Bi Mize, mama wa Kipemba ambaye tumechangia ukuta miaka tisa, alikuwa amekaa kizingitini, akiniona akainuka.

"Mwanangu, nambie umekosana nini na mumeo," akasema. "Kaja hapa na mtoto, kamwaga unga, kavikanyaga vidonge. Hasemi. Kisha likaja basi la kanisani kwenu wakapanda wote wawili. Nikamuuliza mwenda wapi na mtoto na jua hili, akasema Ushongo, kumsafisha."

Nikamuuliza kama mtoto alikuwa na maji.

Bi Mize akaingia ndani kwake, akatoka na chupa ya bluu.

"Aliyaomba. Alikuwa keshapanda, akanipungia dirishani, Bibi chupa yangu. Nikaijaza, nikampelekea. Babaake akanirudishia. Akamwambia, mfungo wetu mie nawe unaanza sasa hivi, maji Jumatano."

Ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri.

Nikampigia Timotheo, haikupokelewa. Nikapiga tena. Akapokea. Nikasikia basi linaunguruma, watu wanaimba na kupiga makofi.

"Mpe maji Methusela," nikasema. Mara ya pili siku ile, na mkwe wangu mwenye jina amesimama ubavuni mwangu. "Nikemee ukitaka, nipe talaka ukitaka. Mpe maji Methusela."

"Huyo simjui," akasema Timotheo. "Mimi niko na Alexander. Alexander haumwi."

Akakata. Nikapiga tena na tena, simu imezimwa. Mzee akaniuliza mtoto anasemaje, nikamwonyesha ile chupa ya bluu mkononi mwangu. Bado imejaa mpaka juu, kama Bi Mize alivyoijaza.